Walionivua Beji Sasa Wananitaka Niwe Mwenyekiti

Dada Judica, pole na kazi, naomba unisaidie maana wiki ya pili hii sijui nicheke au nilie. Mimi ni mfanyabiashara wa Arusha, nina miaka sitini, nanunua viatu hapa Guangzhou, na nyumbani ni mzee wa kanisa, lakini wasilolijua watoto wangu ni kwamba mwaka 1989 nilikuwa kwenye genge la pikipiki la Nyuki Weusi, tulikuwa tisa, vizibao vya ngozi vyenye beji mgongoni, leseni hatuna, polisi tunawakimbia, na kiapo chetu kilikuwa kimoja tu, ndugu haachwi barabarani. Siku moja tunakimbizwa karibu na Himo, Yohane akaanguka akavunjika mguu, mkubwa wetu Ghalib akasema, "Twendeni, asisimame mtu," wakaenda wote, mimi nikageuza, nikakaa na Yohane mpaka polisi wakatukuta, nikafungwa miezi sita, na nilipotoka Ghalib akaikata beji yangu kwa kisu mbele ya wenzangu eti nilikaidi amri.

Sasa wiki iliyopita niko jengo la Tianxiu kwa wakala wa mizigo, nasikia mtu anaita "Abedi," jina ambalo sijaitwa miaka zaidi ya thelathini, nageuka ni Ghalib, mvi tupu, akanishika mikono mbele ya wateja akasema, "Wewe ndiye uliyeshika kiapo. Sisi tulibaki na beji tu." Pale pale akampigia Yohane kwa video, naye akaniambia waliobaki hai ni watano, wamepiga kura, wananitaka niwe mwenyekiti, Desemba tupande pikipiki hadi Himo, na yeye Yohane anishonee beji kwa mkono wake. Dada, nilienda soko la Zhanxi natabasamu peke yangu mpaka laoban, mwenye duka anayeniuzia viatu, akauliza kama nimeoa tena. Lakini mke wangu Herieth anasema mzee wa kanisa harudi kwenye uhuni, na mimi naogopa nikikubali watoto watajua nilifungwa. Nifanyeje?

Abednego, Guangzhou

Abednego, hongera sana, na sasa acha nikugombeze. Miaka yote hii umewaficha watoto jambo bora kuliko yote uliyowahi kufanya. Makosa ya barabarani mlikuwa nayo, na kifungo umekitumikia. Kukaa na mtu aliyevunjika mguu si aibu ya kufichwa.

Herieth usimlaumu. Anachokijua yeye ni neno genge, hakijui kilichotokea Himo. Mpigie leo umsimulie yote kama ulivyonisimulia mimi, na gereza usiliruke. Watoto nao wasikie kutoka kinywani mwako, si kwa Ghalib.

Uenyekiti ukubali, kwa masharti yako: kila mtu na leseni, kofia ngumu kichwani, pombe hakuna. Na Ghalib, kwa kuwa alikuvunjia heshima mbele ya watu, akuombe radhi mbele ya watu, mkeo na watoto wakiwa wamesimama hapo. Akikataa, muachie cheo chake. Nadhani hatakataa.

Ukishamaliza kuongea na Herieth, mwandikie Yohane neno moja tu: nakuja.