Vitambaa Vyako Juu ya Kompyuta

Mama Rhoda,

Nimeondoka na basi la Geita la saa sita. Maharage yako jikoni, nimeyaunguza kidogo. Kompyuta zote tatu usiziwashe. ~~Wala usizisogelee.~~ Hiyo nimeifuta. Washa ukitaka, hakuna tena cha kuharibika.

Asubuhi nilikufokea kwamba pasi yako inavuta umeme ndiyo maana zinazima. Ukaenda kwa dada yako na kandambili za bafuni. Nikaziwasha tena zigawane hesabu za wale watafuta dhahabu wa Geita. Hata saa haikupita, kompyuta moja ikazima, kazi ya siku kumi na moja ikapotea.

Siku zote nikija kuzikagua kompyuta, wewe huwahi kuondoa vitambaa vyako vya kufuma, nami nazikuta wazi. Leo hukuwepo. Nikatia mkono chini ya kitambaa: moto kama kikaango! Matundu ya hewa yote yamezibwa. Kwa kuchapa barua moja moja zinavumilia. Kwa hesabu nzito zinajipika.

Nimebadilisha waya, nimemsingizia fundi, nikakusingizia wewe. Na nani alisema, "Vumbi hili la hapa Nyasubi, zifunike hata zikiwa kazini"? Mimi.

Leo ndiyo siku ya kukabidhi. Naenda mikono mitupu, na kazi hawatatupa tena.

Pasi nimeirudisha mezani. Vitambaa nimevifua, vianue kabla ya mvua. Najua utataka kuvifumua. Usivifumue, mke wangu. Humu ndani ni wewe peke yako uliyefanya ulichoambiwa.

Baba Rhoda