Amemwita Mgeni, Nami Nikapiga Makofi

Mpendwa Mama Ndanu, naomba unisaidie kuelewa, maana nimewaza mpaka kichwa kinaniuma. Mimi ni msusi pale Kenyatta Market na kwa miaka kumi na minne nina rafiki, Muhindi wangu wa Kileleshwa, tumezikiana wazazi, tumelea watoto pamoja, hata binti yangu Njambi ni yeye aliyemfunza hesabu. Sasa mwezi uliopita diwani mmoja akasema mkutanoni Dagoretti ati Wahindi ni wageni waliokula wakashiba, wafunge virago, watu wakapiga kelele mitandaoni, na baada ya siku tatu akatokea na suti yake akasema, "Kama kuna mgeni wetu aliyekwazika, pole. Sisi ni wakarimu, tunawapenda wageni wetu." Mimi nikafurahi, nikapiga makofi mbele ya wateja, nikamtumia Muhindi wangu hiyo video na kumwandikia, "Umeona? Yameisha!" Akanijibu, "Mama yangu alizaliwa Pumwani, hapa hapa Nairobi. Mimi ni mgeni wa nani?" Tangu hapo simu zangu hashiki.

Jumapili nikabeba chapati nikaenda kwake, askari wa geti, mzee Mwanzia, akauliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa Muhindi wangu wa ghorofa ya tatu, akasema, "Hapa Wahindi ni wengi, mama. Yupi?" nikapaza sauti, "Si yule mfupi wa miwani!" kumbe mwenyewe yuko hapo juu anaanika nguo, akaniangalia, akaingia ndani akafunga mlango. Jumamosi ijayo ni ruracio ya Njambi, watu wa mume wanaleta mahari, na Njambi ameapa bila anti yake hakuna sherehe. Mama, mimi sikumtusi mtu, na diwani si ameomba msamaha? Mbona msamaha umemuuma kuliko tusi, na mbona hasira zimenishukia mimi?

Waithera, Kenyatta Market

Waithera, pole, na sasa nyamaza kidogo unisikilize. Diwani hakuomba msamaha. Mtu akikukanyaga hasemi "kama umeumia". Tena tusi lenyewe lilikuwa hilo neno "mgeni", naye akalirudia mara mbili, safari hii akalitia sukari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mwenzako, jembe lilishikwa na babu yake, na bado mnamwambia karibu sebuleni! Tusi lilikuja na sauti ya diwani. Msamaha ulikuja na makofi yako.

Halafu kuna hili. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la rafiki yako. Binti ana jina, hata askari wa geti ana jina. Yeye ni "Muhindi wangu". Wako kama nani, kuku? Najua huna ubaya, ni mazoea tu. Lakini alikuwa pale juu anasikia ukiulizwa ni nani, na wewe ukataja kimo na miwani. Loo, Waithera!

Acha kutuma ujumbe. Rudi leo getini, na mzee Mwanzia akikuuliza, taja jina lote la rafiki yako, na la baba yake. Rafiki yako akifungua mlango usianze na "kama". Mwambie, "Nilikosea," kisha ufunge mdomo umsikilize, hata akifoka. Na Jumamosi wageni wakianza kuingia, usimwekee kiti chini ya hema pamoja nao. Mpe aproni, asimame mlangoni kando yako, awapokee.