Klementina na Mitumbwi ya Udongo

Mwaka umetimia, Klementina, tangu homa ile ikuchukue katikati ya Kwaresima ya 1957, na hapa Karema bado tunakuita tukisahau kwamba hutaitika. Mama yako Josephina hukutengea uji asubuhi. Akishtuka, anawaita watoto wa jirani, "Kunyweni nyie, mwenyewe amechelewa."

Ulikuwa tayari mwalimu mwenye cheti chako ulipoomba kurudi chuoni Tabora, kusomea kufundisha watoto wadogo kabisa. Baba yako Oswaldi alikuja juu. "Mwalimu mzima ukasomee kuchezea udongo? Jamani!" Lakini alikusindikiza kwa lori hadi Mpanda, akakupandisha treni, akabaki stesheni amenuna huku machozi yanamlengalenga.

Ukarudi. Kiti cha mwalimu ukakisogeza pembeni, ukaketi mkekani na watoto, gauni limejaa udongo. Ulikuwa mwepesi wa kucheka, mzito wa kukasirika, na mtoto akikueleza jambo ulimsikiliza kama anayeongea ni paroko.

Ndipo akaletwa Krispini, mtoto wa Pelagia. Baba yake alizama ziwani mtoto akimwona kutoka ufukweni. Maiti haikupatikana, na tangu siku hiyo mtoto hakutamka neno. Ukampa udongo na beseni la maji. Akafinyanga mtumbwi na mtu ndani yake, akauzamisha. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nawe ukakaa kando yake, ukamwacha.

Ee, hapo pakazuka moto! Kwa wavuvi wa kwetu kuzamisha mtumbwi, hata wa mchezo, ni mwiko. Ni kuliita ziwa. Mzee Hilari, mkubwa wao, akaja juu: "Mwalimu huyu anawafundisha watoto wetu kutuzamisha!" Wakawatoa watoto wao wote. Akabaki Krispini peke yake, maana Pelagia hakuwa tena na mvuvi wa kumhofia asizame. Ukaambiwa usipoukomesha mchezo huo, darasa linafungwa.

Baba yako akaenda mwenyewe kukukataza. Alipofika mlangoni na hasira zake zote, ukamwonyesha kiganja: ngoja, baba. Akangoja. Krispini akauzamisha mtumbwi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaingiza mkono majini, akamtoa yule mtu wa udongo, akamlaza mchangani, akamfukia taratibu. Akapapasa kile kikaburi, akasema, "Baba, lala."

Oswaldi alivua kofia, akasimama kama mtu aliye mbele ya altare. Mpaka leo huisimulia siku ile. Mtoto mdogo vile amemzika baba yake, jambo ambalo ukoo mzima haukuliweza! Machozi yalikutiririka, lakini mikono yako ilitulia pale pale magotini.

Kutoka pale baba yako alinyoosha hadi ufukweni, akawaeleza wavuvi aliyoyaona. "Matanga hatukuyafanya," akasema Mzee Hilari. "Tulilisubiri ziwa limrudishe." Wiki ile wakamlilia mwenzao kama inavyostahili, na watoto wakarudi darasani, mjukuu wa Hilari ameshikwa mkono na babu mwenyewe.

Ulipofariki tulidhani darasa limekwenda nawe. Sivyo, mwanetu. Mwezi uliopita ni wavuvi wenyewe waliokuja kwa baba yako, wakaomba apelekwe mwingine Tabora akajifunze ulichojifunza wewe. Amekwenda mwalimu Imakulata, binti wa Hilari. Baba yako ndiye aliyempandisha treni. "Usiharakishe kurudi," alimwambia. "Soma, mwanangu, ushibe. Watoto tutakaa nao sisi."

Na anakaa nao kweli. Kabla hatujaamka, baba yako ameshakwenda kuwachimbia udongo.

Tunaokukumbuka ni baba yako Oswaldi, mama yako Josephina, wadogo zako Thadei na Elizabeti, na ukoo wote.

Hutatutoka moyoni, Klementina, maisha yetu yote.