Isale la Baba Mdogo

Baba, shikamoo.

Najua hutaitika, lakini nikianza bila salamu utasema sina adabu. Naandika nikiwa nyumbani Lemara, mezani pako. Kiti chako sijakikalia. Wanaokuja kuchukua maagizo wanadhani ni heshima. Si heshima, Baba, ni woga. Asubuhi nikichemsha chai nasikia ukikohoa sebuleni, kile kikohozi chako cha kumwita mtu bila kumtaja jina, na bado naitika "abee" kama mjinga.

Tangu tukuzike Akheri, kazi ya kuvusha mawe ya vito mpakani kwa magendo naisimamia mimi. Mwanzoni walicheka, eti binti. Hawacheki tena. Ila nikuambie kweli, sikuyashika haya kwa ajili ya mawe. Nilitaka nimpate aliyekuuza. Siku ile ulibadilisha gari dakika za mwisho, na waliokupiga risasi pale Kikatiti walikuwa wanalingoja hilo hilo jipya. Tuliojua tulikuwa wawili tu, mimi na Baba mdogo Elirehema. Mdogo wako wa tumbo moja, yule uliyekuwa ukimmenyea ndizi za kuchoma eti vidole vyake haviwezi moto, na mvi zote zile.

Basi nikaamua. Sikulia, sikumwuliza mtu. Jumamosi asubuhi niliwatuma wale wawili uliowaamini wewe, wamfuate shambani kwake wammalize. Wakazima simu, kama ulivyowazoesha.

Haikupita nusu saa, mama mdogo, mkewe Elirehema, akaingia getini. Peke yake, viatu vimejaa tope. Mkononi alishika jani la isale, limefungwa fundo. Baba, wewe ndiye uliyenieleza nikiwa darasa la tatu, tumesimama migombani, kwamba aliyekukosea akikuletea isale unalipokea, hata kama kuna damu. Ukishalipokea, ugomvi umekwisha. Ukimgusa tena umejilaani wewe na kizazi chako.

Akasema, "Elirehema amekiri yote. Polisi walimtishia jela, akawatajia gari la kaka yake. Anaona aibu kuja mwenyewe. Pokea, mwanangu."

Nililipokea, kwa mikono miwili. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimechoka kumchukia baba mdogo. Nilijiambia nitawawahi. Nikamwacha jikoni na kikombe cha chai, sikumweleza kitu, nikawasha gari. Njia nzima napiga simu, hazipatikani. Napiga tena. Na simu ya baba mdogo nayo inaita tu, haipokelewi.

Nilimkuta kwenye mibuni ya kahawa, amelala kifudifudi. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na viatu vimepigwa rangi. Unaelewa, Baba? Alikuwa anangoja kuitwa. Isale likipokelewa, aliyekosa anaitwa, mnakula pamoja. Alivaa mapema.

Msibani mama mdogo hakunipigia kelele. Alinishika mkono mbele ya watu, akauliza taratibu, "Si ulilipokea?" Nikaitikia kwa kichwa. Hajaongea nami tangu hapo.

Sasa humu ndani mnakohoa wawili. Chako nakijua, chake ni chembamba. Nawapikia chai wote, halafu namwaga. Nina hasira na wewe, Baba, niseme tu. Ulinifundisha kuwatuma watu, hukunifundisha kuwarudisha. Wala sijawahi kukuona ukimwomba mtu radhi, kwa hiyo hata pa kuanzia sipajui.

Lakini nimekata isale pembeni ya kaburi lako, nimelifunga fundo mwenyewe, na kesho asubuhi nampelekea mama mdogo. Sitamtuma mtu. Mila inasema halikataliwi, ila mimi nimeshaivunja, sidhani kama bado inamfunga yeye. Anaweza kulitupa. Anaweza kuwaita wanawe, na wanawe ni watu wazima, wanajua nilichofanya.

Kwaheri, Baba. Usinikoholee sebuleni tena, pumzika. Nimewakusanya watu wako wote leo, nikawaapisha mmoja mmoja, na wewe nakuahidi hivyo hivyo: nisiporudi kesho, hakuna atakayetumwa kulipiza.

Binti yako,
Anande