Uliniua Kitabuni, Wakili, Nami Bado Ni Hai

Mwanangu Rukia, wakili wangu,

Tangu uondoke hakuna anayeniamkia shikamoo mlangoni pa mahakama. Marahaba yangu imebaki mdomoni, imekuwa chungu.

Naandika mwenyewe. Mwalimu wa ngumbaru alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia aondoe mkono wake, Kahindi hashikiwi kitu. Herufi zangu zimesimama kama nguzo za boma. Hapa kambini hakuna mzee mwenye mwandiko kama wangu, ingawa wengi wao, ni kweli, hawajui kuandika.

Habari za huku si nzuri. Siku ile ile habari ya kufa kwako ilipofika kwetu Jilore, watu walisema: "Kamla kakaye, sasa kamla na wakili wake." Figo zilizokuua wamezifanya ushahidi juu yangu. Wewe uliyekuja mahakamani miguu imevimba, viatu umevishika mkononi, nikakuuliza una nini, ukanijibu, "Joto tu hilo, mzee." Uongo. Ulikuwa mwongo hodari, ndiyo maana ukaweza kuandika vitabu.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponitia machoni. Kakangu Charo alikuwa amekatwa panga shambani kwake mchana kweupe, watu wakidai kuwa mvi zake ndizo zilizomuua mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa nampelekea maji. Nikamwona Karisa, mwanawe wa kumzaa mwenyewe, akitoka kwenye mahindi na panga. Karisa aliyekuwa akilitaka lile shamba tangu ndevu zake hazijaota. Nikasema nilichokiona. Basi na mimi nikawa mchawi. Nikakimbilia Malindi, kwenye kambi hii ya wazee waliofukuzwa makwao kwa sababu ya rangi ya nywele.

Ukanikuta nimepaka piko kichwa kizima kuficha mvi kama wenzangu, jasho jeusi linanichuruzika shingoni. Ukanitazama. "Mzee, jaji atayaaminije macho yako na kichwa chako kinasema uongo?" Nikanyoa siku hiyo hiyo. Zilipoota, ziliota nyeupe pe, na mpaka leo hakuna kambini mwenye mvi nzuri kama zangu.

Watu wa mji walikuogopa. Binti wa nyumba ya wauza leso, babako alitaka ukae dukani upime vitambaa, ukaenda kusomea sheria. Ukarudi ukafungua ofisi karibu na mahakama, ukawatetea watu ambao mawakili wengine waliwapita kama jiwe la njiani. Na ukishaswali alfajiri unakaa kuandika hadithi zako za wauaji mpaka saa ya kuvaa joho. Nilikuuliza, mtu anayeshinda na maiti mchana kutwa, kwa nini aamke nazo tena asubuhi? Ukasema, "Mahakamani mashahidi wananikimbia, mzee. Kitabuni hakimbii mtu."

Kile cha mwisho ulinipa kwa mkono wako. Ukurasa wa kwanza ulinichukua wiki nzima. Nasoma, nasoma, namkuta mzee mgema mwenye kovu kidevuni, mwenye kujisifu kwamba mnazi wake haujapata mpinzani tangu Ganze mpaka baharini. Nikajijua. Kabla ukurasa haujaisha, mzee amelala kwenye mahindi, amekufa! Nilikuja ofisini kwako nimefura. "Mbona umeniua mapema hivi? Hata mke hukunipa!" Ulicheka mpaka ukaweka kikombe cha kahawa chini. Halafu ukaacha kucheka. Ukasema, "Kitabuni ndiko pa kufia, mzee. Huku nje nakutaka hai mpaka siku ya ushahidi."

Nilimtangazia kila mtu kuwa nimo kitabuni. Hapa kambini wananiita Marehemu. Sikasiriki. Si kila mtu anafia kitabuni.

Sasa wewe ndiye marehemu, nami sijui niitweje.

Matangani kwenu nilikuja, nikakaa nje kabisa, karibu na geti. Niliogopa, nakwambia kweli, mimi Kahindi niliogopa. Nilidhani maneno ya Jilore yamefika. Mama yako akatoka mpaka barazani, ameshika tasbihi. "Ndiye wewe Marehemu? Ingia ndani. Mwanangu alikuwa akicheka peke yake kwa ajili yako." Kahawa niliinywa. Halua niliiacha sahanini.

Haukupita muda, jamaa zangu wakaja na papai. Unalijua papai lile, la kiraho, lililotiwa dawa na mganga: mwenye hatia akila koo linafura, asiye na hatia anameza anakwenda zake. Wakasema, "Kula mbele yetu, uwe safi, urudi nyumbani kwako. Ila mahakamani usiende. Mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo." Na nyuma yao alikuwapo shemeji yangu, mjane wa Charo, mama yake Karisa. Akapiga magoti. "Shemeji, mume amekwenda. Usinipokonye na mwana."

Mwanangu, nilitaka kulila. Si kwa ajili ya Charo. Kwa ajili yako. Nilitaka wanione nimemeza, wajue kwamba mimi sikukula wewe. Papai silihofu, koo langu limepitisha makali kuliko hayo. Mkono wangu ulikwisha kunyooka. Ndipo nikakusikia, ukali ule ule ulionitolea siku nilipokuringia kwamba naweza kula kiraho nikamaliza kesi bila jaji: "Ukila, mzee, umekubali kwamba mshitakiwa ni wewe."

Nikarudisha mkono. Nikawaambia, "Mpelekeeni Karisa, ndiye mwenye kesi." Wakaondoka. Shemeji yangu hakuniaga. Alinipikia tangu aolewe na Charo, na hakuniaga.

Siku ya ushahidi ilifika. Mahali pako alisimama kijana wa ofisini kwako. Wakili wa Karisa akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe si ndiye unayeitwa mchawi?" Unanijua. Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia. Ningemweleza mimi ni nani, na babu yangu alikuwa nani. Lakini uliniusia, "Jibu ulichoulizwa, hadithi niachie mimi." Nikasema, "Mimi naitwa mzee." Kisha nikasema nilichokiona kwenye mahindi, hayo tu, sikuongeza chumvi.

Nilidhani nitatoka pale kifua mbele. Sikutoka hivyo. Karisa ana paji la uso la Charo, alipoinama nilimwona kakangu. Na nyuma nilisikia kilio cha shemeji, najua kilio chake, nilikisikia siku tuliyomzika mumewe. Nilitafuta uso wako nione kama nimefanya vizuri. Palikuwa na kiti tu.

Jaji atasoma hukumu siku nyingine. Huenda Karisa akafungwa, huenda akaachiwa arudi Jilore anisubiri. Hayo sasa si yangu.

Uliniambia unanitaka hai mpaka siku ya ushahidi. Siku hiyo imepita, nawe hukuacha neno niishi mpaka lini tena. Basi nimejipangia mwenyewe, maana mimi sipangiwi. Piko sitapaka. Papai sitakula. Kitabu chako nitakisoma mpaka nimjue aliyeniua, wala sitamwuliza mtu. Na nitarudi nyumbani na kichwa hiki cheupe, mchana, kwa njia kubwa, nimsimamishie Charo koma yake, kile kigingi cha marehemu walichomnyima. Nikishamwita yeye nitakuita na wewe. Pombe sitakumwagia, najua dini yako. Nitakumwagia maji.

Wakiniwahi kabla sijafika, basi watamuua mzee mwenye mvi zake, hawatamuua mwongo.

Pumzika sasa. Vua viatu, hapana mahakama leo.

Marahaba, mwanangu.

Kahindi,
Marehemu wako