Jozi ya Matairi Aliyoiacha Benson

Nyakato,
Musoma.
10 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Mugeta,

Pokea salamu za dada yako, na uzipokee zote kabla hujaanza kutafuta ninachotaka. Hamjambo huko Songea? Wifi yangu Esta anaendeleaje na mgongo? Na mwanao Mihayo, bado anagoma kula ugali kama hana maziwa pembeni? Mimi sijambo. Goti linanisumbua nikishuka kwenye gari, ila kupanda halisemi kitu.

Ujumbe wako niliupata tangu Juni. Unataka nimuuzie yule rafiki yako pikapu ya shemeji yako Benson, nifunge nyumba, nije kukaa kwenu. Najua nimechelewa kujibu. Kwenye simu ningelia, nawe ungedhani nimekubali. Kwa hiyo naandika.

Niache kwanza nikueleze habari za matairi, maana jibu lako limo humo humo.

Unakumbuka Benson alivyokuwa kichwa ngumu kuhusu tairi lililotengenezwa nchini. Tuliposikia kile kiwanda cha Arusha kinayumba, alinunua jozi mpya, akaifunga kwa magunia na kuisukuma chini ya kitanda chetu. "Akiba haiozi, mama. Hii ni ya uzee wetu," alisema. Kiwanda kikasimama kweli, naye akatamba mtaa mzima. Wenzangu wana masanduku ya vitenge chini ya vitanda, mimi nikawa nafagia kuzunguka matairi.

Alipofariki mwaka jana, matairi ya nyuma yalikuwa yamebaki vipara. Nikavumilia hadi mwezi uliopita, ndipo nikaivuta ile jozi. Ilikuwa nyeusi ti, na vile vinywele vya mpira bado vimesimama. Mugeta, nilifurahi kama mke aliyeletewa zawadi kutoka safari. Nikaipeleka gereji ya karibu ifungwe, nikawaambia sitaki ushauri wa mtu.

Alhamisi yake nikaenda Bugwema kuchukua mahindi. Wakati wa kurudi, gari likiwa limejaa, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Nashukuru Mungu sikuwa mbio. Spea ninayo, jeki ninayo, lakini nati zilinishinda. Nilizing'ang'ania mpaka viganja vikachubuka, kisha nikakaa kwenye kivuli cha gari saa mbili nzima bila kumwona mtu.

Nikachukua simu nikapiga. Nilipoiweka sikioni ndipo nikagundua nimepiga namba ya Benson. Yule dada wa mtandao akaniambia haipatikani kwa sasa. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi mlikuwepo.

Aliyenikuta ni Rhobi, mama anayetuuzia mahindi miaka yote, akitoka mazoezi ya kwaya na wenzake watatu. Walikanyaga spana kwa zamu, huku wakicheka, wamevaa sketi zao za kwaya, mpaka nati zikaachia. Tulipomaliza Rhobi akanitazama. "Mama, mlikuwaga mnapita hapa wawili," alisema. "Sasa uko peke yako, uwe unapigaga honi ukifika kwangu. Nisiposikia nitakuja kukutafuta." Nilijifanya nafuta vumbi machoni.

Kesho yake nikampelekea tairi Baltazari, fundi wa Nyasho. Akalisugua ubavuni kwa kidole chenye mate, akanionyesha namba nne: wiki ya kumi na tisa, mwaka 2007. "Tairi halihesabiwagi kilometa tu, mama. Linahesabiwaga na miaka, hata likiwa limelala." Waliolitengeneza hawana kosa. Kosa ni letu sisi tulioliweka miaka kumi na minane tukidhani halijaanza kuzeeka kwa sababu halijatembea.

Nilimkasirikia Benson. Njia nzima ya kurudi Nyakato nilimgombeza kwa sauti. Akiba haiozi! Mpira unaoza, baba, hata ukiulaza chini ya kitanda. Uzee wetu ungeuanza mapema, ukiwa hai. Watu wa bodaboda walikuwa wananishangaa.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta mengine. Musoma mjini, Bunda, hata Butiama nilipita, nikiuliza la kutengenezwa hapa kwetu. Wauzaji walinicheka kwa heshima, kila walilonipa limetoka ng'ambo. Mwishowe Baltazari akanipatia njia ya katikati. Mbele tumefunga mapya ya nje, yenye ubavu mgumu wa barabara za mawe, na mwaka nimeusoma mwenyewe. Nyuma tumefunga yaliyovishwa mpira upya na mafundi wa hapa hapa nchini, baada ya yeye kuyagonga na kuyakagua nusu siku. Benson angenuna kidogo, kisha angeyazunguka mara tatu akiyapiga teke.

Baltazari anasema nikiangalia upepo na nisizidishe mzigo, yatanipeleka miaka minne. Nawe unajua, mdogo wangu, mtu anayeuza gari hanunui matairi ya miaka minne. Siuzi. Siji. Msinielewe vibaya, wewe na Esta mmeniita kwa upendo. Upweke upo, sitakudanganya, jioni nyumba hii inanielemea kabisa. Lakini huko kwenu nitakuwa mgeni mwenye chumba. Huku yuko mtu anayesikiliza honi yangu.

Msalimie Esta, mwambie akandwe kwa maji ya moto. Mihayo mwambie mimi shangazi yake namsubiri kwa samaki. Shangazi yetu Anastazia anawasalimu nyote, masikio yake ndiyo hayo hayo, bado hasikii vizuri. Mungu awalinde nyumba nzima, mlalapo na mwamkapo.

Desemba ukija, shukia Bunda, usiunganishe gari jingine. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Kama utakuwa umechoka, usiongee hata neno, wewe kaa tu pembeni yangu mpaka Musoma.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Nyangi