Gauni la Malkia Halina Fundi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo,
Mlango wa kijani.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na moja ya fidia, maana ni miezi minane sijakuandikia na najua umeshanisema mpaka mate yamekukauka. Una haki. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unavimba ukisimama sana, mimi nikaahidi kukuulizia dawa, kisha nikapiga kimya kama niliyemezwa na ardhi. Na baba mdogo, kile kikohozi kimemwachia? Na binti yako wa mwisho, Mbishi, amepata shule ya kufundisha au bado yuko nyumbani anagombana na redio? Naomba barua hii iwakute wote mnapumua vizuri na mnacheka.

Sisi huku tupo. Mimi nasukuma siku. Anayeumwa ni mama, macho. La kushoto limezima kabisa, la kulia linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Daktari anasema ni presha ya macho na kwamba tulichelewa, na ni kweli. Ulimi wake lakini haujaugua hata siku moja. Juzi alinivuta karibu, akapapasa mshono wa bega langu, akaniambia nashona kama mtu anayekimbia mvua.

Ningeweza kukupigia simu. Ila tunaishi chumba kimoja na nusu, na unajua masikio ya dada yako. Kwa hiyo nimejifungia hapa kazini na ninakuandikia. Nina ombi, tena zito, lakini kwanza nisikilize, maana nikilitoa hivi hivi utanitukana.

Unalikumbuka gauni la malkia. Nani asiyelikumbuka! Miaka thelathini na moja imepita tangu ule mchezo wa malkia aliyegoma kushuka kitini, na watu mpaka leo wanalitaja gauni kabla ya kumtaja aliyelivaa. Mwelekezi wa mchezo alifika kwa mama na maneno mawili tu, "malkia aliyechoka", akanywa chai, akaenda zake. Mengine yote yalitoka kichwani mwa mama. Ni yeye aliyetia kitambaa kizito mabegani ili mwigizaji ainame bila kuambiwa. Ni yeye aliyelichovya gauni jipya kabisa kwenye majani ya chai, mara tano, mpaka likawa la mtu aliyetawala muda mrefu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na kazi yangu ilikuwa kupiga msasa pindo lichakae. Ncha za vidole zilichubuka, nikalia, mama akanifunga vitambaa na kuniambia niendelee.

Sasa mwishoni mwa mwaka jana watoto wa mwigizaji yule, Mungu amrehemu, wamelitoa gauni kwa jumba la maonyesho. Likawekwa ndani ya kioo, taa juu yake, kamba mbele yake. Nilikwenda siku ya kwanza, nimevaa vizuri, nifurahi kwa niaba ya mama. Nikasoma kibao. Mama Mdogo, nilikisoma mara tatu nikidhani na yangu macho yameanza. Kilisema gauni limebuniwa na mwelekezi na kushonwa kwa mkono na mwigizaji mwenyewe. Mwigizaji! Yule mama ambaye kifungo kikimtoka alikuwa anamletea mama kwenye bahasha!

Na unajua jina la mwigizaji walilipata wapi? Kwenye kola. Sisi washonaji wa mavazi ya michezo ya kuigiza hatuandiki jina la fundi ndani ya nguo, tunaandika la mvaaji, kwa uzi, kwenye utepe mweupe, ili nyuma ya jukwaa watu kumi na wanane wanaovaa mbio mbio wasichukuliane nguo. Wale wa jumba wakageuza kola, wakaona jina limetariziwa kwa ustadi, wakasema, aha, huyu ndiye fundi. Aliyelitarizi ni mama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila sidhani kama hata wao walifikiria kola.

Nilirudi nyumbani nikamwambia. Hapo ndipo nilipokosea. Ningenyamaza, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira ni mpumbavu. Mama akasema maneno ambayo katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia akiyasema. Alisema, "Mimi sijawahi kuomba kitu. Hiki nakiomba. Kabla sijafa nisikie jina langu."

Basi nikaanza kwenda. Jumba lina msimamizi, dada mmoja mpole, kucha safi, sauti ya kubembelezea wagonjwa. Ananiita mama ingawa tunalingana umri. Aliniomba ushahidi. Nikamwambia mama yu hai, muulizeni. Akasema ushahidi wa maandishi. Karatasi za kukatia kitambaa, kwa mfano, zile zenye vipimo na mwandiko wa fundi.

Sasa hebu nicheke kidogo. Unajua mama alikuwa anafanya nini na karatasi zake. Nguo kubwa ikimalizika, alikuwa anazichoma mbele ya mteja, jikoni, moja moja, ili mteja aamini hakuna mwingine duniani atakayevaa kama yeye. Ilikuwa heshima yake. Wateja walikuja kwa ajili ya heshima hiyo. Nilimweleza msimamizi yote haya, akanisikiliza kwa huruma kabisa, halafu kwenye fomu yake, mahali pa ushahidi, akaandika "hakuna".

Nikakumbuka kwapa. Kitambaa kilipungua, na mama alijazia bitana chini ya kwapa la kushoto kwa kipande cha shuka letu la buluu, lile la maua ya njano. Nikawaambia, fungueni mtaona. Walinizungusha wiki tano. Njoo kesho, njoo keshokutwa, mtaalamu amesafiri, mtaalamu amerudi lakini ana mafua. Mwisho wakafungua, na shuka likawemo, buluu, maua yake yale yale. Nilikimbia nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani. Tulifurahi siku nne nzima. Siku ya tano ikaja barua kwamba kipande hicho kinathibitisha gauni liliwahi kufanyiwa ukarabati. Ukarabati! Kama paa la choo!

Nikamfuata mwelekezi. Amezeeka, ana heshima zake, ukuta mzima wa sebule ni vyeti. Alinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinikumbatia, akamsifu mama, mikono ya dhahabu, hajatokea mwingine. Nikamwomba aandike maneno hayo hayo kwenye karatasi, mistari miwili tu. Akaikunja midomo. Akasema, "Mwanangu, leo tukiandika fundi, kesho seremala atataka, keshokutwa aliyechemsha chai." Nilimwambia chai nilichemsha mimi na sitaki kuandikwa. Hakucheka. Alinisindikiza mpaka getini na kunipa ndizi za mti wake nimpelekee mama. Nilizitupa njiani.

Wenzangu wa kazi nao ni hao hao. Tuko watano mjini hapa tunaoshonea michezo, na sote tumelia kilio kimoja, kwamba nguo zinapigiwa makofi na sisi hatutajwi. Tukakubaliana twende pamoja jumba la maonyesho, watano, tuseme kuanzia sasa kila nguo iandikwe fundi wake. Siku yenyewe nilisimama pale mlangoni saa mbili kasoro, saa mbili, saa tatu. Bwana Sindano, yule mrefu aliyemshonea baba mdogo suti ya harusi, alituma ujumbe kwamba mtoto anaumwa. Wengine hawakutuma kitu. Wanaogopa wateja watasema wana midomo. Sikuwalaumu. Au nisikudanganye, niliwalaumu, niliwatukana wote hadi nikafika nyumbani, lakini nawaelewa.

Mimi mwenyewe, Mama Mdogo, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimevalisha wafalme, vichaa, majini, na mara moja mbuzi. Jina langu limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, basi. Zamani nilikuwa nasema haidhuru, kazi ndiyo inayosema. Sasa naona kazi haisemi kitu. Imekaa kimya ndani ya kioo na mtu yeyote anaweza kuisemea. Kuna asubuhi naiangalia cherehani na sitaki hata kuigusa.

Wiki iliyopita kijitabu cha maonyesho kimetoka, kile cha kudumu, chenye picha. Msimamizi alinipa nakala kwa mikono miwili na kusema wamezingatia maoni yangu. Nikafungua pale pale mlangoni, ukurasa wa kumi na moja. Kweli, jina la mwigizaji wamelitoa kwenye kushona. La mwelekezi limebaki kwenye kubuni. Na pale kwenye kushona wameandika "mafundi mbalimbali". Miezi saba ya kupanda na kushuka ngazi zile, nimepata maneno mawili. Na kijitabu hakirudiwi tena, kimeshachapwa, kwisha.

Nilitembea kwa miguu ili nichelewe kufika. Mama alikuwa ameshajiandaa. Amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kijivu, amechana nywele, amejipaka mafuta, uso ameuelekeza mlangoni. Aliposikia hatua zangu hakunisalimu. Aliuliza, "Wameandika?"

Nikakaa karibu naye. Nikafungua ukurasa. Nikasoma kwa sauti kwamba gauni hili limebuniwa na kushonwa kwa mkono na fulani, nikataja majina ya mama yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Sauti haikutetemeka. Mimi, ambaye ukiniuliza nimekula nini nashindwa kuficha! Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akanyoosha mkono akapapasa karatasi, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa, na mimi nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya hayo "mafundi mbalimbali". Akakiacha pale.

Halafu akauliza, "Na mdogo wangu je?"

Sikumwelewa. Akakasirika. Akasema shanga za mikono yote miwili ulitia wewe, wiki tatu, mimba ya miezi saba, miguu ndani ya beseni la maji, na kwamba kama wamemwandika yeye peke yake basi ni wezi vilevile na kesho nirudi nikawaambie walifute na la kwake. Mimi hata nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nazunguka kudai haki ya mama miezi saba na yako sikuikumbuka hata siku moja. Nisamehe. Nikaangalia ukurasa ule, nikasema, "Yumo, mama. Wamemwandika baada yako."

Mama akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu jicho la kushoto lizime. Akasema, "Basi mtumie aone mwenyewe."

Ndiyo maana kijitabu kimo ndani ya bahasha hii. Usijisumbue kutafuta, Mama Mdogo, hatumo. Na ombi langu ni hili. Jumamosi mchana mama atakupigia simu. Ameshaniambia anataka akusikie wewe ukisoma, kwa sababu mimi, anasema, nasoma haraka. Nilitaka kumwambia ukweli kabla, naapa. Kila siku nafungua mdomo, namwona alivyokaa, naufunga. Kama utaona ni dhambi, iwe yangu. Wewe shika kijitabu, fungua ukurasa wa kumi na moja karatasi zisikike, na usome hivi: "Gauni hili limebuniwa na kushonwa kwa mkono na", hapo taja majina ya dada yako yote matatu. "Shanga zimetiwa na mdogo wake", hapo taja la kwako. Soma polepole. Na ukifika kwenye jina lako usisite, maana atasikia.

Nisalimie baba mdogo, na Mbishi umwambie asome barua hii kisha aichane, asibishe. Msalimie pia bibi wa nyumba ya pili aliyenipa mto wa safari. Mama anawabusu nyote. Mungu akupe mguu mzima na usingizi mtamu, na akukalishe muda mrefu mahali unapotajwa kwa jina.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
ambaye mpaka juzi sikujua kudanganya,

Fundi.